Malaria si ushahidi mnaoudhania

Wiki hii nimeulizwa mara tatu, na ya tatu nilikuwa bado na glavu mkononi. Kazi yangu ni maabara, hapa Lamu, nachoma watu vidole natizama damu kwenye hadubini, maswali ya uumbaji hayamo kwenye mshahara wangu. Lakini kijana akishaambiwa ana malaria lazima anitupie: "Ami, kama kuna aliyebuni viumbe kwa akili, mbona kabuni hiki?" Halafu anatabasamu kama kanifunga bao. Jioni napita baraza ya Mkunguni nakuta wenzake washaihukumu kesi, malaria ipo, nyoka wapo, kansa ipo, kwa hivyo hakuna mbunifu, leta kahawa nyingine.

Haya. Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, eti kitu kikiwa na madhara basi hakikubuniwa. Tangu lini? Dema je? Samaki huingia asitoke, fito zimesukwa kwa hesabu, na kwa upande wa samaki kazi yake yote ni madhara, lakini sijaona mtu akasema dema limejisuka lenyewe. Madhara yaweza kukwambia kitu juu ya nia ya aliyetengeneza, kwamba hakupendi au ana sababu zake usizozijua, hayakwambii kama yupo au hayupo. Hayo ni maswali mawili nyinyi mwayapika chungu kimoja. Darwin mwenyewe, mwenye nadharia ya evolusheni, yaani viumbe kubadilika polepole kizazi kwa kizazi, mwaka 1860 alimwandikia rafiki yake Asa Gray kule Marekani kwamba hawezi kujishawishi kuwa Mungu mwema mwenye uwezo wote aliwaumba kwa makusudi wale nyigu ambao mabuu yao hula kiwavi angali hai. Someni vizuri, kilichomkwama kooni ni hilo neno mwema. Na Michael Behe, mtetezi mkubwa wa huo ubunifu wenye akili, yaani fikra kwamba viumbe vina aliyevibuni, mwaka 2007 aliandika waziwazi kuwa malaria ilibuniwa kwa makusudi! Yaani hoja mnayomwendea nayo mkitaraji atanywea, yeye ndiyo anaanzia hapo.

Mwataka kubishana naye? Acheni madhara, tizameni viraka. Ndani ya kijidudu cha malaria mna kitu kinaitwa apikoplasti, kwa hadubini yangu hakionekani, kidogo mno, wataalamu walikitambua vizuri miaka ya 1990. Ni masalia ya kile kiungo cha kijani kinachopikia mimea chakula kwa jua. Sasa kijidudu kinaishi kwenye ini lako na damu yako, gizani, jua la nini? Ni kama mashua ya zamani iliyotiwa mashine, tanga hakuna, mlingoti hakuna, lakini ule ubao wenye tundu la kushikia mlingoti bado uko pale chini, na mwenye chombo siku hizi autilia ndoo isiyumbe. Maana kijidudu hakijakitupa, bado kinatengenezea humo baadhi ya kemikali zake, na kwa kuwa kiungo hicho asili yake ni bakteria ndiyo maana doksisaiklini, dawa ya bakteria, inakinga malaria, si mwawaona watalii wanaimeza kila siku? Mwaka 2008 ikaelezwa habari ya jamaa mmoja wa kijidudu hiki, aliyepatikana kwenye matumbawe ya Australia, yeye kiungo chake bado kinafanya kazi na jua. Fundi wa mashua wa Matondoni akiunda chombo kipya cha mashine tupu hatoboi tundu la mlingoti. Ukiliona tundu wajua chombo kilianza na tanga, na ukiiona apikoplasti wajua ukoo wa kijidudu ulianza na jua, haukubuniwa upya kwa kazi hii. Hiyo ndiyo hoja, na ingesimama vilevile hata kama kijidudu hiki kingekuwa kinaleta usingizi mtamu. Mwenye kuniambia Mungu aliumba kwa njia ya evolusheni, sawa, nami nasali, hapo sina ugomvi.

Upande wa pili, wanaomtetea mbunifu, nao wana yao, kwamba kila chenye sumu kimewekwa kwa faida yetu. Kweli captopril ya presha, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1981, ilitokana na utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazil, na sumu ya konokono wa bahari ikazaa dawa ya maumivu makali mwaka 2004. Lakini hiyo ni jasho la watu wa maabara, nyoka hana habari, hebu kamwambie aliyeumwa na bafe mguu umekuwa gunia kwamba faida iko njiani. Na wale konokono wazuri wa umbo la koni msiwaokote wakiwa hai, wako wanaoua mtu.

Na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ni laana? Ni jeni. Ukiwa na nakala moja tu yakukinga na malaria, mtafiti Allison alionyesha hivyo mwaka 1954, na utafiti wa Kilifi uliotoka 2005 ulikuta kinga dhidi ya malaria kali inakaribia asilimia 90. Ukipata mbili ndiyo ugonjwa wenyewe. Wazazi wote wakiwa na moja moja, kila mimba nafasi ni moja kati ya nne, kwa hivyo pimeni kabla ya posa, nimesema mpaka mate yamekauka.

Na aliyewaambia mahakama ya Marekani ilishaamua hakuna Mungu kawadanganya. Kesi ya shule za Dover, Pennsylvania, 2005, iliamua kwamba ubunifu wenye akili si sayansi na usifundishwe kwenye somo la bayolojia katika shule ya umma, basi.

Yule kijana wa glavu nimemkuta jana barazani, bado anabishana. Dozi yake ya malaria ni siku tatu, asubuhi na jioni. Kameza siku moja akaona nafuu, vidonge vilivyobaki kampa nduguye ambaye hata hajapimwa.