Maumivu ya neva kwa mgonjwa wa saratani

Haya ni maumivu yanayotoka kwenye neva, yaani mshipa wa fahamu, yenyewe iliyoumia. Uvimbe huibana, upasuaji wa titi huikata, au kemotherapi, yaani dawa za saratani kama vinkristini na paklitakseli, huidhuru. Ya kemotherapi huanzia ncha za vidole vya miguu na mikono.

Msikilize mgonjwa anavyoeleza. Atasema panawaka moto, anapigwa shoti, panachomachoma kama sindano, pamekufa ganzi. Pengine khanga ikimgusa tu anaruka. Mpelekeeni daktari maneno hayo hayo, maana hakuna kipimo cha damu kinachoonesha maumivu haya.

Panadol peke yake kwa kawaida haifui dafu. Mofini, dawa kali ya maumivu, husaidia, ila mara nyingi haimalizi, ndiyo maana huongezwa dawa ya neva. Mkiandikiwa amitriptilini, msishtuke kusoma kuwa ni ya sonono. Hutuliza neva pia. Huanzwa miligramu 10 hadi 25 usiku, kisha daktari huipandisha taratibu. Kinywa hukauka, asubuhi kichwa huwa kizito, na mtu akisimama ghafla hupata kizunguzungu. Wengi huiacha hapo, siku ya tatu, na nafuu yenyewe huchukua wiki moja au mbili. Mwenye maradhi ya moyo, presha ya macho au shida ya kukojoa aseme kabla ya kuanza. Gabapentini nayo hutumika: dozi hupunguzwa kwa mwenye figo dhaifu, na haiachwi kwa ghafla.

Ganzi ikianza baada ya kemotherapi, iambieni kliniki kabla ya dozi inayofuata. Wapo wanaoificha kwa kuogopa kusimamishiwa matibabu, lakini daktari anaweza kupunguza dozi, na neva ikishaharibika sana huenda isirudi.

Kukanda kwa maji moto ndiko kunakotutia hofu. Mguu wenye ganzi huungua mwenyewe asijue. Mwenye afya ayapime maji kwa kiwiko. Mafuta ya karafuu yasipakwe hapo, yanababua ngozi. Anayekwenda kulima mwani Paje au Jambiani avae viatu vilivyofunika mguu, na nyayo zitazamwe kila usiku, hadi baina ya vidole.

Mgongo ukiuma na miguu ikaregea, au mkojo ukazuilika au ukatoka wenyewe, uti wa mgongo huenda umebanwa. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo, iwe Unguja au Pemba, bila kungoja tarehe ya kliniki.