Mfupa wa Farasi Huanza Kupasuka Kabla ya Siku ya Mbio

Tangu mwishoni mwa Desemba 2018 hadi Juni 2019, farasi 30 walikufa katika uwanja wa mbio za farasi wa Santa Anita, California, Marekani. Mvua ilikuwa nyingi msimu ule, lawama zikaangukia ardhi ya uwanja, na mwezi Machi mbio zikasimamishwa. Ardhi mbovu ni hatari kweli. Lakini sisi madaktari wa mifugo tunajua kwamba farasi anayevunjika mbele ya watazamaji mara nyingi alikuwa ameumia siku nyingi kabla.

Farasi wa mbio ana uzito wa kilo 500 hivi. Akienda shoti, kuna nukta ambapo mguu mmoja wa mbele hubeba zaidi ya tani nzima, na mguu huo chini ya goti hauna misuli: ni mfupa, kano na ngozi. Mazoezi makali huutia mfupa nyufa ndogo sana, na mwili huziziba ukipewa muda. Usipopewa muda, nyufa huungana. Tangu 1990 jimbo la California huchunguza mizoga ya farasi wanaofia viwanjani, na imeonekana kuwa wengi wa waliovunjika walikuwa na jeraha la zamani mahali palepale au karibu napo. Ndiyo maana siridhiki nikisikia watu wakiita kila kifo bahati mbaya.

Wa kwanza kuliona jeraha ni saisi, yaani mtunza farasi wa bandani. Ndiye anayeupapasa mguu alfajiri na kuhisi kwamba una joto kuliko mwenzake, au kwamba kifundo kimejaa kidogo. Banda linaloheshimu taaluma humsikiliza. Penye tamaa ya zawadi, neno lake huishia hapohapo, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote.

Kisha kuna dawa. Sindano ya kotikosteroidi ndani ya kiungo hupunguza uvimbe na maumivu, na kwa mgonjwa anayepumzishwa ni tiba nzuri. Kwa farasi anayepelekwa mbioni wiki hiyohiyo ni hatari, kwa sababu maumivu ndiyo yaliyokuwa yakimzuia kuukanyagia kwa nguvu mguu mbovu. Marekani sasa ina mamlaka moja ya usalama wa mbio, HISA, ambayo kanuni zake za usalama zilianza kutumika Julai 2022. Farasi aliyechomwa sindano ya kiungo hakimbii kabla ya siku 14 kupita, tiba zake huandikwa na kuwasilishwa kwa mamlaka, na mpanda farasi hamchapi zaidi ya mara 6 katika mbio moja. Mwaka 2009 nchi hiyo ilipoteza farasi 2 kwa kila mara 1,000 farasi aliposhindana. Mwaka 2024, katika viwanja vilivyo chini ya HISA, ilikuwa 0.90. Sheria zinaokoa maisha, ingawa hata idadi hiyo bado ni kubwa.

Watu huuliza kwa nini farasi aliyevunjika mguu hafungwi bandeji ngumu akapona. Farasi Barbaro, mshindi wa Kentucky Derby ya 2006, mbio maarufu za Marekani, alivunjika mguu wa nyuma wa kulia wiki mbili baada ya ushindi ule. Alifanyiwa upasuaji na kuuguzwa miezi minane. Lakini farasi hawezi kulala kitandani. Uzito ulihamia kwenye miguu mingine, kwato zikaugua, na Januari 2007 ikabidi apumzishwe milele.

Kwa hiyo kazi kubwa ni ya kabla ya mbio, na daktari anayemkagua farasi asubuhi hiyo asiwe analipwa na mwenye farasi. Awe na uwezo wa kumwondoa bila kuomba ruhusa.

Wewe unayekwenda uwanja wa Ngong, Nairobi, kutazama mbio, simama pale farasi wanapotembezwa na uangalie vichwa. Kichwa kikiinuka kila mguu fulani wa mbele unapogusa ardhi, mguu huo ndio unaouma. Punda wa Lamu na wa mkokoteni huonyesha dalili hiyohiyo. Ukiiona kwa farasi, mweleze ofisa au daktari wa uwanja kabla mbio hazijaanza, na umtajie namba ya farasi huyo.