Alama ya kihistoria ni nini? Tuulize mawe

Mgeni akipelekwa Kit Mikayi, rundo la mawe makubwa huko Seme, magharibi mwa Kenya, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Bondo, swali lake la kwanza huwa: nani aliyapanga mawe haya? Hakuna. Ni itale, lile jiwe gumu liitwalo pia graniti. Mwamba ulipata nyufa ukiwa bado chini ya ardhi, maji yakapenya humo na kuulainisha pole pole kwa miaka isiyohesabika, kisha mvua ikachukua udongo. Yakabaki mapande magumu yaliyokaliana, urefu wake kama mita 40. Hadi hapo tuna jiolojia tu. Historia ilianza siku watu walipolipatia jiwe jina.

Alama ya kihistoria ni kitu kinachomwambia mpita njia kwamba hapa palitokea jambo, au kwamba watu wa hapa wana sababu ya kupakumbuka. Wengi tukilisikia neno hili tunawaza kibao cha chuma kando ya barabara. Lakini alama ni za namna nyingi. Pale Maseno, kwenye barabara ya Busia, kuna alama ya ikweta ambayo watu husimama kupigia picha. Hiyo inaonyesha mstari wa jiografia, haikumbuki tukio lolote. Kaburi la mwanasiasa Tom Mboya kisiwani Rusinga, lenye umbo la risasi, nalo ni mnara wa kumbukumbu: lilijengwa kwa makusudi ili mtu huyo aliyeuawa mwaka 1969 asisahaulike. Mwamba wa asili haukujengwa na mtu. Usipopata wa kuusemea, utabaki kuwa mahali pa mbuzi kupumzikia.

Kit Mikayi ina wasemaji wengi. Kwa Kijaluo jiwe ni *kidi*. Likiwa la mtu fulani linakuwa *kit*. Mikayi ni mke wa kwanza. Husimuliwa kwamba mzee mmoja, Ngeso, alilipenda jiwe hili hata akawa anashinda pangoni mwake kutwa nzima, na mkewe ndiye anayemletea chakula huko huko. Mama akiulizwa mumewe yuko wapi, alijibu: ameenda kwa mikayi wake. (Sijui kama alikuwa anacheka au ananung'unika, nadhani vyote viwili.) Wenyeji watakuonyesha pia mapande mengine: hili ni nyachira, mke wa pili, na lile ni reru, wa tatu. Yaani boma zima la mitala limesomwa ndani ya mawe. Watu huja kuomba hapa, wakiwemo waumini wa Legio Maria, kanisa lililojitenga na Kanisa Katoliki.

Ndiyo maana UNESCO, mwaka 2019, ilipoiingiza Kit Mikayi katika orodha ya turathi zisizoshikika zinazohitaji kulindwa kwa haraka, iliandika mila na ibada zinazofanyika pale. Mawe yenyewe hayana haraka. Walio hatarini ni wazee wanaozijua mila hizo, maana wanapungua.

Upo pia upande wa sheria, nao ni mkavu kidogo. Nchini Kenya, mahali huwa mnara wa taifa (yaani mahali panapolindwa na sheria, hata kama si jengo) waziri anapopatangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali, chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006. Tangazo likishapita, kupabomoa, kupachorachora au kupachimba bila idhini ni kosa. Kibao unachokiona getini ni tokeo la karatasi hiyo. Kuwepo kwake hakuongezi historia, na kukosekana kwake hakuipunguzi: lile jiwe linalotiririsha maji pale Ilesi, Kakamega, watu walilijua kama jiwe linalolia bila kufundishwa na kibao.

Kuna kosa moja ambalo wasomaji wa vibao hulifanya sana, nalo linahusu mwaka. Chukua Hyrax Hill, kilima kilicho pembeni mwa mji wa Nakuru, kilichoitwa kwa jina la pimbi, wale wanyama wadogo wanaoota jua juu ya miamba. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba pale mwaka 1937 na 1938, na mwaka 1943 kilima kikatangazwa mnara wa taifa. Huo 1943 ni umri wa ulinzi. Watu walioishi na kuzika wafu wao kwenye kilima kile wanarudi nyuma yapata miaka 3,000. Kwa hiyo ukikuta tarehe, uliza kwanza ni ya nini: ya tukio, ya uchimbaji, ya tangazo, au ya siku mheshimiwa fulani alipokuja kukata utepe?

Na ukifika Hyrax Hill usiishie kwenye makavazi madogo. Panda ukatafute mabao yaliyochongwa kwenye mwamba wenyewe, safu za vishimo vya kuwekea kete. Mtoto wa Seme akiyaona ataita "ajua!", jina la Kijaluo la mchezo wa bao, kabla hajasoma maelezo yoyote.