Mwanao ameoa juzi, leo anataka jeshi: mzazi aulize nini

Wazazi wengi hapa Tanga huanza kwa kusema wanaogopa vita. Ukiwasikiliza mpaka mwisho, hofu yenyewe ni binti wa watu aliyeingia nyumbani mwezi uliopita. Mahari imelipwa, khanga za harusi hazijafuliwa mara mbili, na kijana wa miaka 19 ameshaanza kuulizia kambi. Hofu hiyo ni ya haki kabisa. Mimi ni msaidizi wa kisheria, na kwangu swali la kwanza huwa moja: anaposema "jeshi", ana maana ipi?

Akiwa amemaliza kidato cha sita na jina lake limo kwenye orodha ya JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, huo ni wito wa mujibu wa sheria, utaratibu uliositishwa mwaka 1994 ukarejeshwa 2013. Ni mafunzo ya muda mfupi, kisha anarudi nyumbani. Ndoa changa huvumilia hilo.

JKT ya kujitolea ni habari nyingine. Huo ni mkataba wa miaka miwili, na maombi yake hupitia ofisi za wilaya na mkoa. Kijana wa Pangani aanzie wilayani kwake. Asijipe moyo kwamba atakaa karibu, Maramba kule Mkinga au Mgambo kule Handeni. Kambi anapangiwa, hachagui. La tatu ni JWTZ yenyewe, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ambayo ndiyo ajira. Wanaochukuliwa hupitia mafunzo ya awali, na shule yake moja ni Kihangaiko, Msata, upande wa Bagamoyo.

Wazazi huchanganya hilo la pili na la tatu, na hapo ndipo nyumba huumia. Matangazo ya JKT ya kujitolea husema waziwazi kwamba hakuna ahadi ya ajira katika vyombo vya ulinzi. Anachopata kijana kambini ni posho ya kujikimu yeye mwenyewe. Aliyemwambia mkewe "vumilia miaka miwili nitakuwa na mshahara" amemwahidi kitu ambacho mkataba haukuahidi. Mkalisheni chini kabla hajasaini.

Haraka yake, hata hivyo, ina sababu. Matangazo ya karibuni ya kujitolea yameweka ukomo wa miaka 20 kwa kidato cha nne na 22 kwa kidato cha sita. JWTZ nayo imekuwa ikiishia miaka 24 kwa viwango hivyo viwili, na ikitaka mwombaji awe na cheti cha JKT. Mwenye miaka 19 na cheti cha kidato cha nne anaona mlango unafungwa, na ndivyo ulivyo. Ukimwambia asubiri miaka mitatu atulie na mkewe, umemwambia asiende. Ni bora ujue hivyo unapomshauri.

Sasa lile linaloniumiza zaidi. Matangazo ya Jeshi la Polisi yamekuwa yakiandika sharti la mwombaji kuwa hajaoa au hajaolewa. Kwa JKT na JWTZ, chukueni tangazo la mwaka huu huu, mlisome mstari kwa mstari. La mwaka jana liwekeni pembeni. Mkikuta sharti hilo, familia nyingi hukimbilia njia mbili: kuficha cheti cha ndoa, au kuandika talaka ya karatasi "mpaka mambo yakae sawa". Zote mbili ni mbaya, na ya pili ni mbaya zaidi. Kwa Waislamu, talaka haina mzaha. Mume akiitamka au akiiandika kwa nia ya fomu, waulizeni masheikh kabla, si baada, maana mkamwana wako anaweza kuingia eda kweli. Serikalini nako karatasi hiyo haivunji ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka shauri lipite baraza la usuluhishi kisha mahakamani, na ndoa isiyofikisha miaka miwili haiombewi talaka bila ruhusa ya mahakama. Mwisho wa yote binti anabaki si mke wala si mtalaka, na kijana ameingia jeshini kwa tamko la uongo lenye sahihi yake. Sharti likimzuia, limemzuia.

Kama hakuna kizuizi, kazi inayobaki ni matunzo. Sheria hiyo hiyo inamwajibisha mume kumpa mke makazi, chakula na mavazi kwa kadiri ya uwezo wake, na kwenda kambini hakuufuti wajibu huo. Andikeni makubaliano mafupi mbele ya wazee wa pande zote: mke atakaa kwa nani, nani atatoa kiasi gani kila mwezi, lini. "Tutamwangalia" si kiasi. Cheti halisi cha ndoa kibaki kwa mke, mume abebe nakala. Na mtu wa karibu anayeandikwa kwenye fomu awe mke, na namba ya simu iwe ya mke. Mama wengi huumia kusikia hivi, nawaelewa.

Mke akiwa mjamzito, kliniki nyingi humtaka aje na mwenza hudhurio la kwanza. Mume akiwa kambini, mke achukue mapema barua ya mwenyekiti wa mtaa inayoeleza hivyo, asije akarudishwa mlangoni na kuchelewa kuanza. Na kama anayetaka kwenda ni binti mwenyewe, apime mimba kabla ya kusafiri. Mjamzito hapokelewi mafunzoni.

Majina yakaguliwe yote kwa pamoja: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kitambulisho cha taifa. Mwanaidi kwenye kimoja na Mwanahidi kwenye kingine ni safari za RITA, wakala wa usajili wa vizazi, ambazo hutaki kuzianza wiki ya mwisho. Barua ya maombi ya JWTZ huandikwa kwa mkono. Aiandike mwenyewe, asiandikiwe na kaka yake mwenye mwandiko mzuri. Na hakuna ada, kwa mtu yeyote. Anayeomba "ya kusukuma faili" ni tapeli.

Begi la JKT hufuata tangazo: bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, inayofika magotini, bila zipu, fulana ya kijani, raba za michezo, shuka mbili za bluu bahari, soksi nyeusi ndefu, nguo ya baridi. Nauli ni ya kwenda na kurudi, na hiyo ya kurudi ashonewe ndani ya begi, maana anayeshindwa vipimo vya afya siku ya kwanza hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.