Dhoruba ya sumaku: maana yake na ugumu wa kuitabiri

Dhoruba ya sumaku ni msukosuko wa uga wa sumaku unaoizunguka Dunia, unaoletwa na Jua. Haina mvua wala upepo wa kuezua mabati. Ukitazama sindano ya dira nyepesi sana, ile ya maabara, utaiona ikihama kidogo, ikirudi, ikihama tena, wakati nje kumetulia kabisa.

Chanzo chake mara nyingi ni madoa ya Jua, sehemu zinazoonekana nyeusi kwa kuwa joto lake ni pungufu kuliko la pembeni. Sumaku ya hapo hujisokota, na ikifyatuka inaweza kutoa vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kimoja ni mmweko: mwanga na eksirei vinavyotufikia kwa dakika 8 hivi na kuvuruga redio za masafa mafupi kule kwenye mchana. Cha pili ni wingu la gesi yenye chaji, mabilioni ya tani, linalosafiri na sumaku yake ndani. Hilo huchukua siku moja hadi tatu, pengine zaidi. Kinacholeta dhoruba ni wingu.

Sasa, ugumu uko hapa. Watabiri wa dhoruba hizi walioko Boulder, Colorado, nchini Marekani, wakiliona wingu limeondoka, hukadiria saa ya kufika na hukosea kwa saa kadhaa. Lakini ukali wa dhoruba unategemea sana sumaku ya wingu imeelekea wapi. Ikielekea kusini, hushikana na ya Dunia na nishati huingia. Ikielekea kaskazini, hata wingu kubwa linaweza kupita bila kishindo. Mwelekeo huo haujulikani kwa kutazama kutoka mbali. Husubiriwa wingu livipitie vyombo vya angani kama ACE, vilivyo kilomita milioni 1.5 mbele yetu upande wa Jua. Kutoka hapo, tunabakiwa na kati ya dakika 15 na saa moja. Kwa mwendesha gridi ya umeme huo ni muda mfupi mno: Machi 13, 1989, gridi ya Quebec, Kanada, ilianguka ndani ya sekunde 90 hivi, na watu milioni 6 wakakaa gizani kwa muda wa saa 9.

Mei 9, 2024, Boulder walitoa tahadhari ya ngazi ya 4 katika kipimo cha 5. Kesho yake mawingu yaliyofuatana yakafika, na dhoruba ikapanda hadi ya 5, ya kwanza tangu Oktoba 2003. Huko Marekani ulikuwa msimu wa kupanda. Trekta zinazoongozwa kwa GPS zikapoteza mstari, na wakulima wakalazimika kusimama shambani.

Kwetu Afrika Mashariki mianga ya rangi ya angani hatuitarajii, ila tusijione tuko nje ya jambo hili. Ikweta ya sumaku, mstari ambapo uga wa sumaku wa Dunia umelala sambamba na ardhi, inapita Ethiopia, na ionosfea ya ukanda huu, yaani tabaka la juu la hewa lenye chaji, huchafuka baada ya jua kuzama, hata siku isiyo na dhoruba, GPS ikayumba. Hermanus, Afrika Kusini, ni kimoja cha vituo vinne duniani ambavyo vipimo vyake hukokotoa Dst, kipimo cha ukali wa dhoruba kwa Dunia nzima. Mji huohuo una kituo kinacholichunga Jua usiku na mchana kwa ajili ya Afrika.