Je, Kampuni Inayoishi kwa Matangazo Inaweza Kupata Faida kwa Kuuza Vifaa?

Jibu lililozoeleka ni kwamba Meta, kampuni mama ya Facebook, au Google huuza kifaa kwa hasara, kisha hurudisha fedha kwa matangazo. Kwa televisheni, jibu hilo lina ukweli. Vizio, kampuni ya televisheni ya Marekani, katika robo ya tatu ya 2021, ilipata faida ghafi kubwa zaidi kwenye matangazo na takwimu za watazamaji kuliko kwenye televisheni ilizouza. Televisheni huwaka saa nyingi kila siku, na mtazamaji amekwisha kuzoea kukatizwa na tangazo.

Kwa miwani ya uhalisia pepe (VR) ya Meta, jibu hilo linavunjika ukipiga hesabu. Mwaka 2024 kitengo chake cha vifaa, Reality Labs, kiliingiza dola bilioni 2.1 na kupata hasara ya uendeshaji ya bilioni 17.7. Tuseme kila miwani inauzwa kwa hasara ya dola 100. Ili kufikia hasara ya bilioni 17.7, ingebidi iuze miwani milioni 177 kwa mwaka mmoja. Sasa chukua mapato yote ya kitengo, uyahesabu kana kwamba yametokana na Quest 3S pekee, miwani ya Meta iliyouzwa dola 300 mwaka 2024: unapata miwani milioni saba. Milioni saba mara dola 100 ni milioni 700, yaani kama asilimia 4 ya hasara yote. Hata ukiongeza makisio ya hasara kwa kila miwani mara tatu, bado hufiki mbali.

Sehemu kubwa iliyobaki ni utafiti: mishahara ya wahandisi, lenzi, chipu, na miwani ambayo haijafika dukani, kama Orion iliyoonyeshwa Septemba 2024. Gharama hizo hazipungui mauzo yakipungua. Ndiyo maana miwani ya awali, Quest 2, ilipoongezwa bei kwa dola 100 mwaka 2022, pengo halikuziba.

Na matangazo ndani ya miwani? Juni 2021 Meta, wakati huo ikiitwa Facebook, ilitangaza kuyajaribu katika mchezo wa Blaston. Wachezaji walilalamika, na baada ya siku chache watengenezaji wa mchezo wakajitoa.

Kinachotafutwa hasa ni uhuru. Mfanyabiashara aliyepanga fremu ya duka anaweza kuuza vizuri miaka kumi, lakini mlango ni wa mwenye jengo. Siku akiubana, wateja wanapungua bila kosa la muuzaji. Meta imepanga ndani ya simu za Apple na Google. Aprili 2021 Apple ilianza kuzitaka programu ziombe ruhusa kabla ya kufuatilia mtumiaji, na Meta ikakadiria kwamba hatua hiyo ingeipunguzia mapato ya 2022 kwa takriban dola bilioni 10. Hasara ya Reality Labs ni gharama ya kujenga jengo lake. Kama wapangaji watakuja, hilo halijathibitika.

Kwa Google faida hujificha kwingine. Mwaka 2022 iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iwe injini ya utafutaji iliyowekwa tayari katika kivinjari chake cha Safari. Utafutaji unaofanywa kwenye simu yake ya Pixel hauna mgawo wa Apple. Akiba hiyo haionekani kwenye mauzo ya Pixel, na katika taarifa za Alphabet, kampuni mama ya Google, vifaa vimewekwa fungu moja na ada za wanachama wa YouTube.