Elimu kwa umma: Kwa nini sahihi milioni tatu hazikuwapa Wachatisti kura

Kila wananchi wanapoanza kukusanya sahihi, swali ni lilelile: tukifikisha milioni kadhaa, Bunge litakataa vipi? Litakataa. Wafanyakazi wa Uingereza waliokuwa wakiitwa Wachatisti walikataliwa mara tatu, 1839, 1842 na 1848.

Hati yao ya Mei 1838 ilidai mambo sita: kura kwa kila mwanamume wa miaka 21, kura ya siri, kufutwa kwa sharti la mali kwa wabunge, mishahara kwa wabunge, majimbo yenye idadi sawa ya wapiga kura, na uchaguzi kila mwaka. Ardhilhali yao, yaani ombi rasmi kwa Bunge, ya 1842 ilikuwa na majina 3,317,752. Ilikuwa kubwa hata ikakwama mlangoni mwa Bunge, ikabidi ifumuliwe ndipo iingie. Wabunge 287 waliikataa, 49 wakaiunga mkono.

Tatizo halikuwa uchache wa sahihi. Baada ya sheria ya uchaguzi ya 1832, mwanamume mmoja tu kati ya takriban saba ndiye aliyekuwa na kura. Mbunge aliyempuuza mfuma nguo wa Lancashire hakupoteza chochote siku ya uchaguzi. Sahihi ni ombi, haimng'oi mtu kitini; bado watu huichanganya na kura.

Mwaka 1848 utaratibu nao uliwaponza. Sheria ya 1661 ilikataza watu zaidi ya 10 kufuatana kuwasilisha ardhilhali. Adhabu ilikuwa faini isiyozidi pauni 100 na kifungo cha miezi mitatu. Kwa hiyo tarehe 10 Aprili polisi waliruhusu mkutano wa Kennington Common, lakini wakazuia maandamano yasivuke madaraja ya mto Thames. Kiongozi wao, Feargus O'Connor, alikubali, na karatasi zikapelekwa kwa magari matatu ya farasi ya kukodi.

O'Connor alikuwa ametangaza sahihi zaidi ya milioni tano. Makarani 13 walihesabu kwa zaidi ya saa 17 wakapata 1,975,496. Walikuta karatasi nzima nzima zenye mwandiko mmoja, jina la Malkia Victoria, la mkuu wa jeshi Wellington, na lakabu za mzaha. Hata hizo zilizohesabiwa zilizidi idadi ya wapiga kura wote wa nchi wakati ule, lakini kilichovuma ni majina ya uongo. Anayemjazia jirani sahihi bila idhini yake, hata kwa nia njema, anawapa wapinzani silaha.

Madai yenyewe yalikuja kutimia polepole, hasa baada ya sheria ya uchaguzi ya 1867 kuwapa kura wafanyakazi wengi wa mijini na vyama kulazimika kuwabembeleza. Sharti la mali lilikuwa limefutwa 1858. Kura ya siri ikaja 1872, mishahara 1911, kura kwa wanaume wote 1918. Uchaguzi wa kila mwaka haujapatikana hadi leo.

Nchini Kenya, ibara ya 257 ya Katiba inazipa sahihi hatua inayofuata: milioni moja za wapiga kura waliosajiliwa, uhakiki wa tume ya uchaguzi, kisha mabunge ya kaunti yenye miezi mitatu kuamua. Mswada wa Punguza Mizigo, wa kubadili Katiba kwa njia hiyo, ulivuka uhakiki mwaka 2019, ukaanguka kwenye kaunti, ambako ulihitaji angalau 24 kati ya 47.